Msalaba wa Tanneke

Josine alihesabu misalaba mara tatu, na mara zote tatu ilikuwa miwili.

Picha ilikuwa imetundikwa asubuhi ile ile, kwenye kikanisa cha chama cha wapika bia, ndani ya kanisa la mtaa wao mjini Gent. Watu walikwisha kuanza kupita kuitazama, maana picha mpya ni ya mtaa mzima hata kama imelipiwa na mtu mmoja. Katikati alikaa Bikira Maria na Mwanawe mapajani, mtoto uchi kama alivyozaliwa, mnene hata vipaja vimefanya mikunjo.

"Huyo Yesu amenyonyeshwa bia ya Lieven," muuza siagi alimnong'oneza mwenzake, na wote wawili wakacheka kwenye viganja vyao.

Upande mmoja alipiga magoti Lieven, mumewe Josine, amevaa joho lake la chama, na mbele ya magoti yake walilala vichanga wawili wa kiume. Upande wa pili alipiga magoti Josine mwenyewe, mikono kifuani, na mbele yake kichanga mmoja wa kike. Wote watatu walikuwa wamefungwa vitambaa vya kichanga toka shingoni hadi nyayoni, nyuso tu nje, kama mikate iliyopangwa kungoja tanuri.

Hao ndio wanawe, na hakuwa na wengine. Adriaan alikaa duniani mwaka mmoja. Pieter alikaa siku sita. Tanneke alikaa wiki tatu, na tangu Tanneke, miaka tisa sasa, tumbo la Josine lilikuwa halijashika tena.

Katika picha za namna hii watoto wote huwekwa, waliopo na waliokwisha kwenda. Aliyekufa huchorewa msalaba mdogo mwekundu juu ya kichwa, ili Siku ya Marehemu padri akisimama mbele ya picha ajue amwombee nani. Juu ya Adriaan msalaba ulikuwapo. Juu ya Pieter ulikuwapo. Juu ya Tanneke palikuwa na rangi ya kijani ya majani ya nyuma, basi.

"Fundi amesahau," alisema Josine kwa sauti, na muuza siagi akaacha kucheka.

Alikasirika, na alikuwa na haki. Kuna wajuaji wanaosema kichanga aliyebatizwa huenda moja kwa moja mbinguni, hana haja ya sala za mtu. Wanaosema hivyo hawajazika mtoto. Josine hakutaka Tanneke awe na haja ya sala. Alitaka tu padri alitaje jina lake kwa sauti, mara moja kwa mwaka, watu wasikie kwamba alikuwapo.

Siku ya pili akajifunga kilemba chake cheupe akaenda kwa fundi Pauwels, mchoraji, aliyekaa karibu na soko la samaki. Alimkuta amekalia kigoda, anamchora malaika. Mkewe Clare alikuwa mezani anasaga rangi, mikono mpaka kwenye viwiko myekundu kama mchinjaji.

"Fundi, hujambo? Sikuja kugombana."

"Wakisema hivyo, ujue wamekuja kugombana," Clare alimwambia mumewe. "Karibu, mama. Usiegemee hapo, rangi mbichi."

"Umenisahaulia msalaba mmoja. Mwanangu wa kike. Kitu kidogo, chukua brashi twende, ni kazi ya kupepesa jicho."

Pauwels hakugeuka. Akaendelea kumpaka malaika shavu ambalo tayari lilikuwa limeiva kupita kiasi.

"Mama, picha ikishatundikwa imetundikwa."

"Fundi, mimi si mtoto. Watoto watatu, misalaba miwili. Hata mbuzi angeona."

"Mimi nachora ninachoambiwa."

"Nani alikuambia usahau?"

Clare akaweka chini jiwe la kusagia.

"Mwambie, Pauwels. Au nimwambie mimi."

"Nyamaza, mwanamke."

"Nimenyamaza wiki nzima, tumbo limenivimba." Akamgeukia Josine akijifuta mikono kwenye aproni. "Mume wangu hakusahau kitu. Misalaba mitatu aliichora, mimi ndiye niliyeisaga rangi yake. Mumeo akaja wiki moja kabla picha haijatoka hapa, akauona ule wa tatu, uso ukamgeuka majivu. Akasema, futa. Akasimama papo hapo mpaka ukakwanguliwa wote, na majani yakachorwa juu yake. Ukienda na mshumaa ukamulika pembeni, utauona mkwaruzo."

"Lakini kwa nini?"

Clare akamtazama kama mtu anayetaka kumsaidia mwenzake kuvuka mfereji na hajui aanze na mguu upi.

"Mama Josine. Ni mtu gani asiyetiwa msalaba juu ya kichwa?"

"Aliye hai," alijibu Josine. Hilo lilijulikana na kila mtu. Kumchorea msalaba mtu anayepumua ni kumwitia kifo, hakuna mchoraji anayethubutu hata kwa mzaha. "Lakini Tanneke amekufa."

"Basi mimi sijui," alisema Clare. "Kamuulize mumeo."

Josine alitoka pale bila kuaga. Alifika daraja la mto Leie akasimama, na hapo mambo yakaanza kumjia moja moja, mambo ambayo aliwahi kuyaona na kuyapita.

Miaka tisa nyuma alijifungua akashikwa na homa, wiki tatu hajui mchana wala usiku. Mama mkwe wake, ambaye sasa ni marehemu, alisema mtoto asibaki nyumba yenye homa, akapelekwa mji mdogo wa Deinze kwa wifi yake Amelberge, dada yake Lieven, ambaye naye alikuwa amejifungua juzi tu na ana maziwa. Josine alipoamka aliambiwa Tanneke amefariki huko huko na amezikwa huko huko. Kila mwaka, sikukuu ya Mtakatifu Anna, alikwenda Deinze na mshumaa. Alipiga magoti kwenye kilima kidogo cha udongo karibu na ukuta wa kanisa, na Amelberge alipiga magoti pamoja naye na kulia. Alilia kuliko yeye. Josine alimpenda sana kwa hilo. Mara ngapi aliwaambia majirani: sijaona wifi kama wangu, analia msiba wangu kunizidi!

Na Lynke, binti wa Amelberge, mtoto wa pekee wa Amelberge, miaka tisa. Lynke aliyekuwa haruhusiwi kulala Gent hata siku moja. Kila safari alimpa Josine mshumaa aliouviringisha mwenyewe kwa nta. "Mkaza mjomba," humwambia, "huu wa binamu Tanneke, umwambie umetoka kwangu."

Josine akashika ukingo wa daraja. Mtu mmoja mwenye mkokoteni wa mboga alimpigia kelele apishe njia, naye hakumsikia.

Lieven alikuwa kiwandani, amesimama juu ya pipa kubwa anakoroga kwa kasia, mvuke umemfunika mpaka kifuani. Alipomwona mkewe ameingia mwenyewe, jambo asilolifanya kamwe, alianza kutabasamu. Kisha akaacha.

"Nani amezikwa Deinze?" aliuliza Josine.

"Mke wangu, hebu tukae..."

"Nimetoka kwa Pauwels. Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa, Lieven. Nani yuko kwenye lile kaburi?"

Kasia likasimama. Vijakazi wawili waliokuwa wanaosha mapipa wakatazamana, wakatoka nje bila kuambiwa.

"Mtoto wa dada yangu Berge," alisema Lieven. "Aliishi siku tatu."

Josine alikuwa akijua jibu tangu darajani. Hata hivyo alikaa juu ya gunia la shayiri.

"Miaka tisa nimepiga magoti juu ya mtoto wa mwenzangu."

"Wewe ulikuwa unakufa! Padri alikwisha kukupaka mafuta ya wagonjwa. Adriaan alikufa mikononi mwako, Pieter alikufa mikononi mwako, mama akasema na huyu akibaki kwako hatakaa. Watoto hawakai kwako, alisema, na mimi nikaamini, Josine, niliogopa. Berge alikuwa amempoteza wake wiki ile ile. Tukamweka Tanneke kifuani pake, akanyonya, akanenepa. Halafu ukapona."

"Samahani kwa kupona."

"Nilikwenda kumchukua. Naapa kwa Bikira, nilikwenda. Berge alisimama ukingoni mwa Leie na mtoto mikononi, akasema nikisogea hatua moja wanaingia wote wawili. Mama akasema, Josine bado kijana, atazaa mwingine."

"Sikuzaa mwingine."

"Najua."

"Ulijua mwaka wa kwanza, ukajua wa pili. Ulinitazama naviringisha ile mishumaa. Anakuita mjomba, Lieven! Mtoto wako wa kumzaa anakuita mjomba, nawe unaitika!"

Lieven aliteremka akapiga magoti chini ya pipa, sakafu imelowa, kama vile alivyochorwa, ila hakuwa na joho.

"Ule msalaba nisingeuweza," alisema. "Kukudanganya wewe niliweza. Kumwekea kifo mtoto wangu mbele ya altare, hapana. Nilifikiri hutahesabu."

Maneno hayo yalimchoma Josine kuliko yote. Mungu aliogopwa, yeye hakuogopwa. Miaka kumi na mitano alilala na mtu huyu kitanda kimoja, na huyu mtu aliamini kwamba mama hatawahesabu wanawe.

"Siku ya Marehemu," alisema, "Berge atakuja na mtoto kama kila mwaka. Padri Joris atasimama mbele ya picha atataja majina. Akifika kwa Tanneke nitamwambia hana msalaba. Na wewe utasema kwa nini. Utasema mwenyewe, kwa mdomo wako, pale pale ambapo uongo unakushinda."

Lieven aliitika kwa kichwa. Alilia, akamshika mkono, akaubusu. Naye Josine akamwamini. Mtu atamcheka, lakini alimwamini, kwa sababu siku ile alihitaji kumwamini mtu mmoja, na hakuwa na mwingine.

Siku nne zilizofuata alikuwa kama mgonjwa aliyeruhusiwa kula. Alifungua sanduku akatoa mkanda wa kichanga wa Tanneke, wenye darizi nyekundu kwenye ncha, akaufua ingawa ulikuwa safi. Alishona kofia ya sufu ya kichwa cha miaka tisa. Alisogeza kitanda kidogo karibu na dirisha, akaona baridi, akakirudisha karibu na meko. Alijiambia kwamba hatamnyang'anya Amelberge kwa nguvu. Amelberge atakaribishwa, atalala hata mwezi mzima akitaka. Alitaka kitu kimoja tu, mtoto aambiwe yeye ni wa nani. Mengine yangekuja polepole.

Siku ya Marehemu mvua ilinyesha tangu alfajiri. Kikanisa kilijaa makoti mabichi na harufu ya nta. Amelberge alifika kutoka Deinze, amenenepa, mashavu mekundu kwa baridi, akamkumbatia Josine kama desturi. Josine alijiachia akumbatiwe, mikono yake ikining'inia.

"Wifi yangu, unaumwa?"

"Sijambo."

"Mkaza mjomba, shikamoo," alisema Lynke. Alikuwa na mshumaa mkononi, umepinda kidogo, nta ina alama za vidole. "Mwaka huu nimetengeneza mrefu. Ni wa Tanneke."

"Marahaba, mwanangu," alisema Josine. Alikuwa amemwita mwanangu mara mia kama watu wanavyowaita watoto wote. Safari hii alimaanisha. Akamtazama kidevu, masikio, nywele za mbele zilizokataa kulala, na hakuiangalia picha hata kidogo.

Padri Joris alipita picha kwa picha, na watu wakimfuata kama kondoo, mpaka akafika.

"Tuwaombee watoto wa nyumba ya Lieven mpika bia," alisema. "Adriaan. Pieter. Tanneke."

"Baba, subiri," alisema Josine. Sauti yake ilitoka wazi kuliko alivyotegemea. "Tanneke hana msalaba."

Padri alikuwa mzee wa macho mabovu. Akanyanyua mshumaa, akasogeza pua hadi karibu na ubao.

"Anao, mama. Huu hapa."

Josine akatazama. Juu ya kichwa cha kichanga wa kike palikuwa na msalaba mwekundu, umekaa upande, mnene kama kidole gumba. Ile miwili ya fundi ilikuwa myembamba kama miiba. Huu haukuchorwa na fundi yeyote. Uliburuzwa na mtu aliyezoea kushika kasia.

Akageuka kwa mumewe. Lieven alikuwa anatazama viatu vyake. Mkono wake wa kulia aliukunja haraka, lakini Josine alikwisha kuona wekundu chini ya kucha.

"Sema," Josine alimwambia. "Uliniahidi. Sema."

Lieven akamwekea mkono begani, taratibu sana, akamwambia padri kwa sauti ya chini ambayo kila mtu aliisikia. "Umsamehe, Baba. Siku kama hii huzuni humpanda kichwani. Kila mwaka hivi hivi."

"Maskini," alisema muuza siagi, na wanawake wakaitikia, maskini, maskini, na mmoja wao akamsogezea kigoda.

Kwa hiyo aliuweza. Josine alisimama pale akiwa na kofia ya sufu chini ya joho lake, akaelewa kwamba mtu aliyeogopa kumdanganya Mungu alikuwa ameishinda hofu yake, na ameishinda kwa ajili ya kumdanganya yeye kwa mara nyingine. Alimchorea kifo mtoto wake mwenyewe ili mkewe aonekane kichaa. Alinyoosha kidole akagusa ubao. Rangi ilikuwa mbichi.

Akafungua mdomo aseme, lakini hakuwahi. Amelberge, aliyekuwa nyuma kwa adabu yake, alikuwa amesogea aone kinachoendelea.

"Lieven!"

Ukelele ule ulimfanya padri aangushe kitabu.

"Lieven, umemwekea msalaba? Umemwekea mtoto wangu msalaba?"

"Berge, nyamaza..."

"Na homa zilizoko Deinze! Unamwitia! Unamwitia kifo!" Alimsukuma kaka yake kwa bega, akampita padri, akapanda ngazi ya altare kwa magoti na viganja, akaanza kuufuta msalaba kwa mkono wa gauni lake la sikukuu. Rangi haikufutika, ilisambaa tu, mstari mwekundu juu ya kichwa cha kichanga, kisha juu ya paji, kisha uso wote. "Yuko hai! Mtoto wangu yuko hai, Mama wa Mungu, unamwona yuko hai, usimchukue!"

"Nani yuko hai, binti yangu?" aliuliza padri Joris.

Mkono wa Amelberge ukasimama. Akamwangalia padri, akamwangalia kaka yake, mdomo wazi. Watu kikanisani waliacha kusema maskini. Muuza siagi alikitazama kile kichanga chenye uso mwekundu, kisha akamtazama Lynke, kisha akamtazama Josine, na taratibu akajifanyia ishara ya msalaba.

Lieven alikaa kwenye kile kigoda walichomsogezea mkewe.

Josine hakumtazama tena. Sasa wote walijua, wala yeye hakusema neno. Alikuwa ameshika kofia kwa mikono miwili, anangoja.

Lynke alibaki peke yake katikati ya watu waliompisha, mshumaa wake bado haujawashwa. Alionekana anataka kulia na hajui analia nini.

"Mama," aliita, "mbona mnafuta msalaba wa Tanneke?"

Wanawake wawili waligeuka, na wote wawili wakaitika. Macho ya mtoto yalikuwa kwa Amelberge.